Miche ya Blugam Niliyoipeleka Pwani

Tangu nirudi sijachuma majani kwa amani. Nikifika kituo cha chai, kabla hata sijateremsha kikapu mgongoni, kuna mtu anauliza bahari ikoje, Kipruto yukoje, na ni kweli mjukuu wangu anapiga picha akiwa mbinguni. Nimeeleza mpaka koo limekauka, na kila ninayemweleza anaenda kumweleza mwingine vile anavyotaka yeye. Jumapili nimesikia kanisani kwamba nilipanda ndege. Sikupanda ndege. Kwa hiyo naandika mara moja tu, mpokezane, na anayejua kusoma awasomee wenzake. Mimi niliishia darasa la nne, mkikuta kosa liacheni hapo hapo.

Na wewe Tabutany, ambaye umeniuliza mara mbili kama shamba la Kipruto la hapa nyumbani sasa linakodishwa, soma mpaka mwisho. Usiruke.

Kwa walioolewa hapa juzi: Kipruto ni ndugu yangu, kitinda mimba wa mama yetu. Mama alituacha Kipruto akiwa hajamaliza kuota meno, nikamlea pamoja na Kibet wangu, sahani moja. Akakua, akaandikwa askari jela, akapelekwa pwani, akaoa huko, akastaafu huko, na akapata shamba kando ya hori. Hori ni mkono wa bahari unaoingia katikati ya nchi kavu. Ukiuona utafikiri ni mto, ila maji yake yanaenda na kurudi kila siku kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

Chepng'eno, binti wa binti yangu, anafanya kazi huko huko. Ofisi yao inapokea picha za setilaiti, ile mashine inayozunguka dunia huko juu. Wanaangalia miti inayoota ndani ya maji ya chumvi, inaitwa mikoko, pamoja na matope yake, ili wajue itaenda wapi bahari ikizidi kupanda. Maana anasema bahari inapanda, polepole lakini haipumziki.

Yeye ndiye alipiga simu pale dukani Silibwet nikaitwa. Alisema babu yake Kipruto anataka kujenga nyumba mpya ya mawe chini kabisa ya shamba, karibu na maji, na ukuta wa kuyazuia. Picha zinaonyesha hapo ndipo chumvi inaelekea. Amemwambia, na babu amejibu kwamba hawezi kufundishwa na mtoto ambaye alimwona akinyonya.

"Kogo, ni wewe tu atakusikia," akasema, akiniita bibi kwa lugha yetu. "Mawe yameshashushwa. Akimaliza hiyo nyumba hana nguvu ya kujenga nyingine."

Nikamwambia nitakuja. Kitu ambacho sikumwambia ni kwamba nilikuwa na mpango wangu mwenyewe. Nilitaka kumrudisha Kipruto nyumbani.

Silibwet mpaka Londiani, kupitia pale ambapo hapakuwa njiani

Nilibeba vitu viwili vya maana. Cha kwanza ni kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya kuganda yenye majivu, maana siwezi kuingia nyumba ya ndugu yangu mikono mitupu. Cha pili ni katoni ya miche ya blugam, iliyofungwa vizuri na udongo wake kwenye mifuko ya maziwa.

Mnajua blugam, huo mkaratusi unaokunywa maji. Bonde la kwa Arap Sang lilikuwa dimbwi la vyura, akapanda blugam, leo anachungia kondoo. Nilisikia kwamba shida ya Kipruto ni shamba lenye maji maji, nikajua dawa yake. Nilishangaa kwamba watu na ofisi yao na setilaiti yao hawajafikiria.

Lori lilikuwa linaenda Londiani kubeba viazi, likiwa tupu, na dereva ni Ombati, yule Mkisii aliyeoa upande wa Sotik. Aliniweka mbele. Kwanza alisema tunaenda moja kwa moja. Tulipofika Litein akasema kuna mama Roret anangoja gunia lake la mbolea, ni dakika tu. Mama wa Roret hakuwa nyumbani. Alikuwa kwa mazishi. Tukaenda kwa mazishi. Walitupa chai na mahindi ya kuchemsha, na mzee mmoja akanishukuru sana kwa kuja, akanishika mkono akalia, nikalia kidogo pia, kisha nikamwuliza Ombati ni nani amekufa. Hakujua.

Kericho tulikuta mvua ya mawe. Ombati akasimama chini ya mti akaangalia ile katoni yangu.

"Mama, hiyo miti unapeleka wapi?"

"Pwani."

"Pwani hakuna miti?"

"Kuna maji."

Akafikiria. Akasema hata kwao Kisii wanapanda blugam kwenye mabonde, na kama ingekuwa ni yeye angebeba mingi zaidi, kwa sababu bahari ni kubwa. Ombati ni mtu mwenye akili. Mimi na yeye tulikosea pamoja.

Londiani, tukingoja treni

Treni ya Kisumu ingepita jioni. Haikupita. Wale mliofika Londiani mnajua baridi yake, na mimi nilikuwa nimevaa nguo za mtu anayeenda kwenye joto, kwa sababu Chepng'eno alinionya sana juu ya joto na hakusema neno juu ya Londiani.

Hakuna aliyetuambia kwa nini treni haiji, kwa hiyo kila mtu alileta sababu yake. Mmoja alisema ni ng'ombe wamelala kwenye reli. Mwingine akasema injini imekufa huko Lumbwa. Mwenye duka la chai alisema treni ilishapita zamani sisi hatukuiona, na alisema hivyo kwa roho ngumu kabisa mpaka watu wawili wakachukua mizigo yao wakaenda.

Kwenye benchi nilikaa na mama mmoja wa Nyamira, Mama Nyaboke, anapeleka ndizi mbivu Nakuru. Kadiri treni ilivyochelewa ndizi ziliendelea kuiva, ikabidi tuzile. Tulikula mpaka nikaacha kuona tofauti ya chakula na adhabu. Nilimweleza habari za ndugu yangu. Aliniuliza swali moja ambalo nilikasirika nalo usiku wote.

"Na akikuambia huko ndiko kwao sasa?"

Nikamwambia kwao ni Silibwet, baba yetu amezikwa Silibwet, na shamba lake nimelitunza mimi hizi siku zote, chai yake naipogoa kama yangu, na nimekataa watu wanaotaka kulikodisha. Akamenya ndizi nyingine akanipa.

Treni ilifika asubuhi, jua likiwa limetoka. Hakuna aliyesema pole.

Nairobi, na kule chini

Nairobi sina la kusema. Nilishuka treni moja nikakalia katoni yangu pembeni ya ukuta mpaka wakati wa treni nyingine. Mtu alikuja akaniambia anaweza kunibebea mzigo, nikamwambia hata mimi naweza.

Kwenye treni ya Mombasa ndiko kibuyu kiliniaibisha. Mursik imezoea baridi yetu. Tulivyoteremka kwenye joto ikaanza kufura ndani kwa ndani, mimi sijui, na asubuhi nikiwa naangalia dirishani nikitafuta hiyo bahari, kifuniko kiliruka kikampiga mwalimu mmoja wa Taita aliyekuwa ananisalimia. Alijipangusa kwa heshima. Akauliza hiyo ni dawa ya nini. Nikamwambia ni maziwa. Akaangalia yale majivu meusi kwenye shati lake, akasema, "Ya ng'ombe gani?"

Chepng'eno alinipokea stesheni, tukapanda basi kwenda upande wa kaskazini, tukapita Kilifi. Bahari niliiona kupitia kwenye daraja. Mnaniuliza ikoje. Ni kama majani ya chai ukiwa umesimama juu Kericho ukiangalia yakiisha mbinguni, ila haya hayachumiki. Nimemaliza.

Chepng'eno aliangalia katoni akauliza ni nini. Nilipomwambia aliichukua akaiweka begani. Kisha akasema, "Kogo, asante."

Huyo mtoto amelelewa vizuri.

Kwa Kipruto

Ndugu yangu amekuwa mzee bila kuniuliza. Alisimama wima mlangoni kama anapokea mkubwa wa gereza. "Obot Kibet," akaniita, mama Kibet, kama zamani. Watoto wake wakaja kuinamisha vichwa niwaguse. Alikuwa amewafundisha hiyo, ingawa hawajui Kikipsigis zaidi ya salamu na matusi ya ng'ombe.

Mke wake ni Mama Kadzo, mtu wa huko huko, mama mpole mwenye macho yanayoona kila kitu. Aliniita wifi tangu neno la kwanza. Alionja mursik mbele yangu, akameza, akauliza kwa upole kama imeharibikia njiani. Kipruto alikunywa kikombe, akakunywa kingine, akageukia ukuta kidogo. Mimi nikajua kazi yangu itakuwa rahisi. Mtu anayelia kwa mursik atarudi nyumbani.

Jioni wakaleta wali wa nazi na samaki mzima, kichwa na macho. Mnajua sisi wa zamani hatuli samaki. Nilikula wali. Kesho yake Mama Kadzo akachinja kuku. Lakini yule samaki aliniangalia mpaka nikamaliza kula.

Asubuhi tulienda kuona shamba. Linaanzia juu penye nyumba yao ya zamani ya udongo, linateremka polepole, minazi, mikorosho, halafu majani tu, halafu mchanga mweusi wenye mashimo ya kaa, halafu mikoko. Mikoko ni mti wenye miguu. Umesimama kwenye tope kama mwanamke aliyekunja nguo kuvuka mto. Chini hapo kwenye majani, kabla ya mchanga mweusi, ndipo mawe ya nyumba yalikuwa yamepangwa. Upepo ulikuwa mzuri sana. Hata mimi nilitaka kujenga.

"Umeona maji hapa?" Kipruto akaniuliza.

Sikuona maji.

"Basi. Huyo mtoto anaona maji kutoka mbinguni, mimi ninayesimama hapa sioni."

Picha nyekundu

Chepng'eno alileta picha zake akazitandika mezani. Zilikuwa mbili, kubwa kama kitambaa cha meza. Kila kitu kilikuwa chekundu. Nikauliza ni nani amechoma nchi. Akasema hapana, hiyo mashine inaona rangi ambayo macho yetu hayaoni, na majani yaliyo hai yanatoka mekundu kwenye karatasi. Akasema hata kwetu, ukipiga Kericho na Bomet na hiyo mashine, chai yote ni nyekundu nyangavu na msitu ni mwekundu wa giza. Nikamwambia asionyeshe watu wa kanisa.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo wengi mnaharibu mkieleza. Picha moja ilikuwa ya zamani, Chepng'eno akiwa hajazaliwa. Nyingine ilikuwa ya juzi. Ule ukanda mwekundu wa mikoko haukuwa mahali pamoja. Upande wa hori ulikuwa umeliwa, na upande wa nchi kavu ulikuwa umepanda. Mikoko inahama. Haihami kwa miguu yake hiyo mingi; mbegu zake zinaangukia juu zaidi kila maji yanapofika juu zaidi, na zile za chini zinazama. Akasema wanachoma vijiti kwenye tope kupima kama tope linaongezeka. Tope likipanda pamoja na bahari, mikoko inakaa. Bahari ikilishinda tope, mikoko lazima ipande. Na ikikuta ukuta?

"Inafia hapo," akasema. "Katikati ya ukuta na maji. Na mikoko ikiisha, ndiyo ilikuwa inapunguza nguvu ya mawimbi. Kinachofuata ni huo ukuta."

Akachora mstari kwa penseli kwenye shamba la Kipruto. Chini ya mstari, akasema, ni mahali ambapo huenda chumvi imeshaanza kufika wakati wa maji makubwa, na huenda mikoko itaota kabla mtoto wa mwisho wa babu hajaoa. Mawe ya nyumba yalikuwa chini ya mstari.

Alisema huenda mara nyingi sana. Nikamwambia aache, mtu aliyefanya kazi jela hasikii huenda. Akasema hawezi kuacha, kwa sababu picha haioni vitu vidogo. Nukta moja ya picha ni kama boma zima.

Kipruto akaruka hapo. "Kwa hiyo nyumba yangu ni nukta?"

"Nusu ya nukta, babu."

Kipruto akacheka kicheko kibaya, akatoka nje. Na mimi, niseme ukweli, nilikuwa upande wake. Kumtoa hapo nilitaka, lakini si kwa nukta.

Kamba

Ndipo nikatoa miche.

Kipruto alipoona blugam alishika mche mmoja akasugua jani, akanusa, na sura yake ikawa ya yule mtoto niliyemlea. Akasema kwa nini hakufikiria, na bonde la kwa Arap Sang analijua. Hapo tulikuwa wawili. Tulizungumza kwa sauti juu ya vile blugam inakunywa, jinsi mizizi inavyoenda, na dimbwi gani lilikauka mwaka gani. Chepng'eno alijaribu kusema neno, tukamwambia anyamaze, wakubwa wanaongea.

Mama Kadzo peke yake aliuliza, akiendelea kukuna nazi. "Wifi, maji ya hapa ni ya chumvi. Huo mti wajua kunywa chumvi?"

Nikamwambia blugam inakunywa kila kitu. Akaendelea kukuna.

Tulipanda siku hiyo hiyo. Mimi sipandi mti ovyo. Nilivuta kamba kutoka kwenye mchanga wa kaa mpaka juu karibu na nyumba ya zamani, tukapanda kwenye mstari mmoja kama shamba la chai, hatua sawasawa, ili ikikunywa maji ikunywe kwa utaratibu. Chepng'eno alikuja na karatasi yake, akapima kwa miguu, akafunga kitambaa cheupe kwenye kijiti pale ambapo penseli yake ilipita. Kipruto akamwuliza, miche ya chini ya kitambaa ikishika, ataacha hiyo kazi ya picha?

"Nitaacha kukusumbua, babu," akasema. "Na isiposhika?"

Kipruto akaniangalia. Mimi nikasema, "Isiposhika utamsikiliza." Niliweza kusema hivyo kwa sababu nilijua itashika.

Bamvua

Huko wana neno, bamvua. Ni maji makubwa yanayokuja na mwezi mpya na mwezi mpevu. Nilifikiri yatakuja na kelele na mawimbi, kama watu wanavyosimulia. Nilijiandaa, nikafunga nguo zangu kwenye kiondo.

Hayakuja hivyo. Tulikuwa tumekaa juu tukichambua mchicha. Mama Kadzo akanyoosha kidole. Maji yalikuwa yanatoka chini ya ardhi, kwenye mashimo ya kaa, polepole, bila sauti, yakaenea kwenye majani kama chai inayopenya kwenye mkate. Yalifika kwenye mawe ya nyumba, yakayazunguka. Miche yangu ya chini ikasimama ndani mpaka shingoni. Kipruto akasema haya ni ya mwaka huu tu. Mke wake akasema mwaka jana yalifika hapo pia, na alimwambia Kipruto, na Kipruto alikuwa amelala.

Yakarudi. Kesho yake miche ilikuwa bado ya kijani, na mimi nikasema mmeona, imeyanywa. Niliwaambia wote, mmoja mmoja.

Yakaja tena siku iliyofuata, na nyingine. Kila siku nilienda kuangalia nikimwagilia ya juu kwa maji ya kisima. Mwanzoni ncha tu za majani. Halafu yakajikunja. Halafu yakawa rangi ya chai iliyopigwa na jalidi, ile rangi ambayo ukiiona shambani kwako unakaa chini. Mche mmoja, halafu wa pili yake, ikifuatana kwenye kamba yangu iliyonyooka. Kama ningepanda ovyo kusingekuwa na mtu wa kusema ni wapi ilianzia na wapi iliishia. Nilikuwa nimemchorea Chepng'eno mstari wake.

Iliyokuwa chini ya kitambaa ilikufa yote. Juu ya kitambaa ulikufa mmoja. Nikamwuliza Chepng'eno na huyu je, picha yako ilisema yuko salama.

"Huyo ndiye huenda, Kogo," akasema.

Yale ya mawe

Kipruto aliteremka peke yake, nikamfuata nyuma. Aling'oa mche mmoja uliokufa, akatafuna jani, akatema. Alikaa kwenye mawe yake. Nikakaa kwenye jiwe lingine. Nilikuwa nimeyaandaa maneno yangu tangu Londiani, nikayatoa.

Nilimwambia: umeona sasa. Mahali hapa panakufukuza. Nyumbani hakuna chumvi. Shamba la baba liko, nimelipogoa mwaka jana, na pale kwenye mvule wa zamani panakungoja ujenge. Mama Kadzo atazoea baridi. Watoto watajifunza kuongea. Nilisema mengi. Hakunikatiza, na hapo ningejua, kwa sababu Kipruto akikubali anakatiza.

Akasema, "Obot Kibet, mimi ni wa hapa."

Nikageuka kuangalia hori.

"Nilikuja hapa nikiwa na buti za serikali, sijui hata kuogelea. Huyu mama akanipokea. Mtoto wetu wa kwanza amelala pale chini ya mkorosho. Nyumba nitaijenga, lakini juu, nyuma ya ile ya udongo. Hakuna upepo huko. Nitakaa bila upepo. Hapa chini nitaacha. Ukuta sijengi. Kama hiyo miti inataka kupanda, ipande."

"Basi nitarudi," nikasema.

"Ngoja." Akaokota jiwe dogo akalirudisha. "Lile shamba. Hujampa mtu?"

"Nimpe nani? Ni lako."

"Watu hawaulizi?"

"Wanauliza kila siku."

Akakung'uta mchanga mikononi. Kisha akasema, "Huyo mtoto anasema miti inakufa kwa sababu imekuta ukuta, si kwa sababu ya maji. Mimi sitarudi. Lakini sijui hawa watoto wangu watakuta maji yamefika wapi. Usiweke mtu pale. Niwekee."

Mimi niliyeenda kumleta mtu, nikaambiwa niendelee kuweka nafasi. Nilikasirika. Nilimwambia nimezeeka kupogoa chai ya watu. Akasema anajua. Halafu akaniuliza kama kibuyu kimebaki na kitu, na kilikuwa kimebaki kidogo chini, tukapanda juu tukakigawana.

Siku zilizofuata tulihamisha mawe. Kaka zake Mama Kadzo walikuja, na majirani, na Chepng'eno na viatu vyake vya ofisi. Mimi nilibeba madogo. Blugam zilizopona huko juu Mama Kadzo alining'olea mbele ya macho yangu, akasema, "Wifi, usinune. Zitakunywa kisima." Na ni kweli. Aliacha mmoja tu, mbali na kisima, akasema huo ni wangu, nitauona nikija tena.

Nyumbani

Kurudi hakukuwa na kitu. Treni zilikuja kwa wakati, na mtu hajui la kusimulia treni ikija kwa wakati. Mama Kadzo alinifungia nazi kumi na kitu, na mkate wa mchele. Nazi mmeshakula. Yule aliyejaribu kuimenya kama chungwa tunamjua.

Nilishuka Londiani nikakuta baridi yake imenisubiri pale pale kwenye benchi. Nilivyofika Silibwet sikwenda nyumbani kwanza. Nilipitia kwenye shamba la Kipruto. Chai ilikuwa imekaa miezi bila mkono wangu, imepanda mpaka kifuani, magugu kila mahali, na mtu alikuwa ameanza kufunga mbuzi wake pale upande wa barabara. Mbuzi ninayemjua. Nilimfungua nikamsukuma aende kwao.

Nimeanza kupalilia, nimefika nusu. Nimeacha pia kipande cha juu wazi, sipandi kitu, penye nyumba inaweza kukaa.

Kwa hiyo Tabutany, hilo ndilo jibu, na uje uchukue kamba ya mbuzi wako. Lile shamba lina watu.